Ruta mbili, nyumba moja: ipi igawe anwani?

Nyumba zetu nyingi za mijini hazikujengwa kwa kufikiria mawimbi ya redio. Kuta ni za tofali za saruji, sakafu ya ghorofani ni zege lenye nondo, madirisha yana grili za chuma, na vyumba vya uani vimetenganishwa na nyumba kubwa kwa tangi la maji. Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mombasa ya kale hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hufika karibu nusu mita kwa unene. Fundi wa faiba anakuja, anafunga kisanduku sebuleni pale waya ulipoingilia, anaondoka. Sebuleni video inacheza bila kukwama. Chumba cha mwisho simu inahangaika kutafuta mtandao.

Hapo ndipo familia nyingi hununua ruta ya pili, au hutoa kabatini ile ya zamani. Waya unavutwa, unachomekwa kwenye tundu lililo wazi, taa zinawaka. Siku ya kwanza shwari. Siku inayofuata simu ya baba inaandika kwamba imeunganishwa lakini hakuna intaneti, televisheni iliyo pembeni yake inafanya kazi kama kawaida, na printa imepotea kabisa. Mtu anazima na kuwasha, inakubali kwa saa kadhaa, halafu inagoma tena. Kampuni ya intaneti inapigiwa simu na kulaumiwa. Mara nyingi haina kosa. Tatizo liko ndani ya nyumba: visanduku viwili vinagombania kazi moja.

Kutatua jambo hili hakuhitaji ruta ya bei mbaya. Kunahitaji kuamua kisanduku kipi kitasimamia mtandao na kipi kitabaki kurusha mawimbi tu. Uamuzi huo ukishafanyika, mengine yote ni kubofya menyu.

Kilichomo ndani ya kisanduku

Kile tunachokiita ruta ni vifaa kadhaa vilivyofungwa kwenye ganda moja. Kwa waliounganishwa na faiba kuna sehemu inayogeuza mwanga kuwa ishara za umeme; nyumba nyingine sehemu hiyo ina kisanduku chake, nyingine imo humohumo. Kuna ruta yenyewe, inayosimama kati ya nyumba na intaneti ya nje. Kuna seva ya DHCP, inayogawa anwani kwa kila simu na kompyuta inayojiunga. Kuna swichi, yaani yale matundu ya LAN yaliyopangana nyuma, mara nyingi manne. Na kuna redio ya Wi-Fi yenye antena zake.

Kwa chumba cha mbali unahitaji viwili tu kati ya hivyo: redio na swichi. Lakini ruta ya pili hutoka dukani ikiwa imewasha kila kitu, ikiamini kwamba yenyewe ndiyo pekee nyumbani. Haina namna ya kujua kwamba sebuleni kuna nyingine inayofanya kazi hizohizo. Ni lazima uiambie.

Tuanze na kazi ya ruta yenyewe. Anwani za IP za mfumo wa zamani, ambao bado unabeba sehemu kubwa ya intaneti, ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Haziwezi kutosha kila simu, televisheni na kamera. Ndiyo maana mwaka 1996 wahandisi wa intaneti walitangaza mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, za 172.16 hadi 172.31, na za 192.168. Kila nyumba inaweza kuzitumia bila kuomba ruhusa, kwa sharti kwamba hazitoki nje. Nyumba nzima hujulikana nje kwa anwani moja, na ruta hufanya tafsiri inayoitwa NAT. Fikiria shule yenye S.L.P. moja: barua za walimu wote zinafika kwenye sanduku hilohilo, na karani ndani ana daftari linalomwonyesha ipi ni ya nani. Ruta ndiyo karani. Simu yako ikiomba ukurasa, ruta inaandika kwenye daftari lake nani ameomba nini, na jibu likirudi inajua pa kulipeleka.

Ukiweka ruta ya pili nyuma ya ya kwanza bila kubadili chochote, waya ukiingia tundu lake la intaneti (WAN), unakuwa na makarani wawili mfululizo. Kusoma habari, kuangalia video na kutuma ujumbe kutaendelea vizuri, na ndiyo maana wengi hawagundui. Shida huonekana pale kitu cha nje kinapohitaji kuingia ndani, kama kuangalia kamera za ulinzi ukiwa safarini kwa njia ya kufungua mlango maalumu kwenye ruta, au michezo inayounganisha wachezaji moja kwa moja. Na kwa anayetumia ruta ya laini ya simu, mara nyingi kampuni yenyewe tayari inawaficha wateja wake wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kuna hata fungu la anwani, 100.64 hadi 100.127, lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Ruta mbili nyumbani zikiongezeka hapo, tafsiri zinakuwa tatu.

Sasa DHCP, ambayo ndiyo chanzo cha ile simu ya baba. Simu inapojiunga na mtandao haina anwani, kwa hiyo inapaza sauti kwa wote waliomo: nani atanipa anwani? Seva inajibu kwa mfano hivi: chukua 192.168.1.57, lango lako la kutokea ni 192.168.1.1, itumie kwa saa 24. Waya ukiingia tundu la LAN la ruta ya pili, kunakuwa na seva mbili kwenye mtandao mmoja: zote mbili zinajibu, na kwa kawaida simu inachukua jibu lililotangulia. Likitangulia la ruta ya sebuleni, mambo safi. Likitangulia la ruta ya chumbani, simu inaambiwa lango ni 192.168.0.1, yaani ruta ya chumbani yenyewe. Simu inapeleka maombi yake huko, na huko hakuna njia ya kutoka, kwa sababu tundu lake la intaneti halina kitu. Wi-Fi imejaa vistari vyote, intaneti hakuna.

Na kwa nini tatizo halitokei siku ya kwanza kwa kila mtu? Kwa sababu anwani hutolewa kwa muda. Kifaa ambacho kilishapewa anwani na ruta ya sebuleni kinaendelea kuirudia ileile na kuomba kuongezewa muda, kwa kawaida nusu ya muda ikishapita. Televisheni isiyohama hubaki salama kwa muda mrefu. Simu inayotoka na kurudi huomba upya mara kwa mara, na kila ombi ni bahati nasibu. Ndiyo maana malalamiko hutoka kwa mtu mmoja leo, mwingine kesho, na fundi akija anakuta kila kitu kinafanya kazi.

Kuna hali mbaya zaidi: ruta zote mbili kuwa na anwani ileile, tuseme 192.168.1.1, jambo la kawaida kwa sababu watengenezaji wengi hutumia anwani chache zilezile. Hapo vifaa vinapotafuta lango vinapata majibu kutoka sehemu mbili tofauti, vinapeleka data huku, mara kule. Intaneti inakuja na kuondoka kila baada ya muda mfupi bila sababu inayoonekana.

Mpangilio ulio bora kwa nyumba nyingi

Ruta ya sebuleni iachiwe usimamizi wote. Ya pili ibaki kituo cha kurusha Wi-Fi. Waya utoke tundu la LAN la kwanza uingie tundu la LAN la pili, na tundu la WAN la ruta ya pili, ambalo mara nyingi lina rangi tofauti, libaki tupu.

Ruta nyingi za miaka ya karibuni zina njia ya mkato. Ndani ya menyu ya mipangilio tafuta maandishi "Operation Mode" au "Working Mode", kisha chagua "Access Point" au "AP". Ruta itajizima na kuwaka tena, ikiwa imeacha NAT na DHCP yenyewe. Kwa nyingi kati ya hizo, baada ya hapo hata tundu la WAN linageuka kuwa tundu la kawaida, kwa hiyo unaweza kuchomeka waya humo. Kama ruta yako ina chaguo hilo, litumie.

Kama haina, fanya kwa mkono, na fuata mpangilio wa hatua, kwa sababu hapo ndipo watu hujifungia nje. Kwanza ijue ruta ya sebuleni. Fungua taarifa za Wi-Fi kwenye simu iliyounganishwa nayo, utaona anwani ya lango. Tuseme ni 192.168.1.1. Kisha iweke ruta ya pili mezani, usiiunganishe na ile ya kwanza, na uchomeke kompyuta kwenye tundu lake la LAN. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye anwani yake na nenosiri la kuingilia. Ingia kwa kivinjari.

Anza na Wi-Fi: jina, nenosiri, aina ya usalama. Hifadhi. Halafu badili anwani ya LAN ya ruta hii iwe 192.168.1.2, yaani namba tatu za mwanzo (192, 168 na 1) zifanane na za sebuleni na ya mwisho itofautiane. Ruta itawaka upya. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya. Mwisho kabisa ndipo uzime DHCP. Ukiizima mapema, kompyuta yako itakosa anwani kabla hujamaliza, na utalazimika kuiandikia anwani kwa mkono au kuirudisha ruta katika hali ya kiwandani na kuanza moja.

Jambo moja husahaulika: 192.168.1.2 isiwe ndani ya fungu ambalo ruta ya sebuleni inagawa. Baadhi hugawa kuanzia 2 hadi 254, na siku moja simu ya mgeni itapewa 2, igongane na ruta yako. Ingia kwenye ruta ya sebuleni, sogeza mwanzo wa fungu hadi 192.168.1.10 au 100. Kama kampuni imeifunga menyu hiyo, waombe wakubadilishie kutoka kwao, ni kazi ndogo.

Ukishachomeka waya, usiongeze wa pili kati ya ruta hizo hizo ukidhani utaongeza kasi. Nyaya mbili zinafanya mduara. Ujumbe unaotumwa kwa wote utazunguka bila kikomo, na mtandao wote utakwama ndani ya sekunde chache. Vivyo hivyo usiziunganishe kwa waya na kwa redio kwa wakati mmoja.

Pale ruta mbili kamili zinapokuwa na maana

Kuna mwenye nyumba anayetaka kuwapa wapangaji wa uani intaneti bila wao kuona kompyuta na kamera zake. Huyu anaweza kutaka ruta mbili kamili, waya ukitoka LAN ya kwanza kwenda WAN ya pili, na anwani za ndani zikiwa tofauti, kwa mfano 192.168.1 kwa ya kwanza na 192.168.20 kwa ya pili. Tatizo ni kwamba wengi huwaweka wapangaji kwenye ruta ya pili wakidhani wamewafungia huko. Wamefanya kinyume. Aliye nyuma ya ruta ya pili hupita kwenye mtandao wa ruta ya kwanza kwenda nje, kwa hiyo anaweza kuvifikia vifaa vilivyomo humo akijua au akibahatisha anwani zake. Anayelindwa ni yule wa ndani zaidi. Kwa mpangilio huu basi, wapangaji wawe kwenye ruta ya kwanza, na wewe mwenye kamera na printa uwe nyuma ya ya pili.

Njia rahisi zaidi ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi zina chaguo la "Guest Network" linalowapa wageni intaneti na kuwazuia kuona vifaa vingine. Ila hakikisha kwa kujaribu: ruta ikishageuzwa kuwa kituo cha Wi-Fi tu, baadhi hupoteza uwezo wa kutenganisha wageni na wenyeji, kwa kuwa utenganishaji huo ulitegemea kazi yake ya kuwa ruta.

Na wenye huduma mbili za intaneti, faiba na laini ya simu, wanaotaka moja ishike nyingine ikikatika, hilo ni jambo jingine. Linahitaji ruta inayoweza kupokea intaneti mbili, kwa mfano yenye matundu mawili ya WAN. Kuunganisha visanduku viwili vya kampuni mbili kwa waya hakuleti matokeo hayo, kunaleta ile ile bahati nasibu ya DHCP.

Bila waya inawezekana, lakini kwa gharama

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta hana budi kutumia redio. Ruta ya pili inawekwa katika hali ya kurudia mawimbi: inapokea kutoka sebuleni na kurusha upya. Gharama yake ni kasi. Kifaa chenye redio moja hakiwezi kupokea na kutuma kwa pamoja katika chaneli moja, kwa hiyo kila kipande cha data husafiri hewani mara mbili, na kasi hushuka hadi nusu hivi, pengine chini ya hapo. Kifaa chenye bendi mbili hupunguza hasara hiyo kwa kuongea na sebuleni kwenye bendi moja na kuhudumia simu kwenye nyingine.

Mahali pa kukiweka ndipo penye makosa mengi. Watu hukiweka katika chumba chenye shida, kisha wanashangaa kwamba vistari vimejaa lakini kurasa hazifunguki. Vistari vile vinapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na kirudia mawimbi. Havisemi lolote kuhusu kile kirudia mawimbi kinachopokea. Kama chumba kile hakipati mawimbi mazuri, na kifaa chako kikiwa humo hakitayapata. Kiweke katikati ya njia, kwenye korido, mahali ambapo simu bado ingepata intaneti nzuri kutoka sebuleni.

Fahamu pia kwamba hali ya WDS, yaani njia ya kuunganisha ruta mbili kwa redio, inayoonekana kwenye ruta nyingi za bei nafuu, haielewani vizuri kati ya watengenezaji tofauti. Ruta mbili za chapa moja zina nafasi kubwa ya kukubaliana. Seti za mesh, yaani visanduku kadhaa vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, zinauzwa zikiwa zimeshapatanishwa, na urahisi huo ndio unaoulipia. Lakini hata mesh hufanya kazi vizuri zaidi ikipewa waya nyuma yake.

Jina moja, chaneli tofauti

Zote mbili zipe jina moja la Wi-Fi, nenosiri moja na aina moja ya usalama. Simu itahama yenyewe ukitembea kutoka sebuleni kwenda uani, na anwani yake haitabadilika kwa kuwa aliyeigawa ni yuleyule. Lakini tambua kwamba anayeamua kuhama ni simu. Ruta haina amri kamili juu yake. Simu za iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta kituo kingine mawimbi yakishuka hadi desibeli hasi 70 hivi. Zikiwa juu ya hapo hung'ang'ania kituo cha mwanzo hata kama umekaa mbele ya ruta ya pili. Dawa, ambayo wengi hawaiamini mpaka waijaribu, ni kupunguza nguvu ya kurusha mawimbi kwenye ruta zote mbili.

Chaneli zitofautiane. Bendi ya 2.4 GHz ina chaneli 13 kwenye maeneo mengi ya dunia, zikipishana kwa MHz 5 tu, huku mawasiliano yenyewe yakihitaji upana wa MHz 20 hivi. Kwa hiyo chaneli jirani hupandana. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Ya sebuleni ipe 1, ya uani 6 au 11, kutegemea majirani wamejazana wapi. Upana uache kwenye MHz 20. Ukichagua 40 unameza karibu nusu ya bendi na kujiletea makelele ya mtaa mzima. Bendi ya 5 GHz ina nafasi zaidi na kasi zaidi, lakini haivuki tofali kirahisi. Ndani ya chumba chenye ruta tumia 5, ng'ambo ya ukuta tegemea 2.4.

Kuhusu waya wenyewe: Cat5e au Cat6 inatosha, hadi mita 100. Epuka ile ya bei ya chini sana ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba; hukatika kirahisi na hupoteza nguvu njiani. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili za nyuzi, ya gigabiti hutumia jozi zote nne, kwa hiyo uzi mmoja uliobanwa vibaya kwenye plagi unaweza kukuacha na megabiti 100 bila onyo lolote. Waya ukitoka nje kwenda uani, nunua wa nje wenye ganda jeusi linalostahimili jua, na upitishe ndani ya bomba. Usiuning'inize juu ya paa la mabati msimu wa mvua. Radi ikipiga karibu, umeme hupita kwenye waya huo na kuunguza matundu ya ruta zote mbili.

Umeme wa kawaida nao una lake. Watu hununua betri ndogo ya akiba kwa ajili ya ruta ya sebuleni, halafu umeme ukikatika uani kunakuwa kimya kwa sababu ruta ya pili haina yake.

Ruta ya zamani iliyotolewa kabatini inahitaji kukaguliwa kabla ya kupewa kazi. Kama usalama wake wa juu kabisa ni WEP, kinga ya zamani iliyo dhaifu, iache. Inayoweza WPA2 yenye AES, kinga mpya zaidi, inafaa. Zima WPS, njia ya kujiunga na Wi-Fi kwa kitufe au namba fupi: mwaka 2011 ilibainika kwamba namba yake ya siri yenye tarakimu nane huhakikiwa kwa vipande viwili, kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio yasiyozidi 11,000 badala ya mamilioni. Badili nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio, kwani lile la kibandiko mara nyingi ni "admin".

Kisha jaribu. Unganisha simu ukiwa uani, fungua taarifa za Wi-Fi, soma lango. Linapaswa kuwa 192.168.1.1, la sebuleni. Zima Wi-Fi ya simu, washa, soma tena, rudia kwa simu nyingine. Likitokea lango tofauti hata mara moja, kuna DHCP ya pili iliyo hai mahali fulani. Na ikitokea miezi kadhaa baadaye mtandao ukaanza ule ugomvi wa zamani, ulizia kama kuna aliyebonyeza kitufe cha "Reset" nyuma ya ruta ya uani. Sekunde kumi za kukishikilia zinarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, DHCP ikiwemo. Andika kwenye kibandiko juu ya ruta hiyo anwani uliyoipa na maneno "DHCP imezimwa", ili fundi atakayekuja ajue anachokikuta.